Kitufe cha Mkono wa Kulia

Mtu akiniuliza mke wangu alikuwa anafanya kazi gani, huwa najibu kwamba alifuma masweta. Ni kweli, alifuma. Watoto wengi wa shule pale Chanji walivaa masweta yaliyotoka kwenye mashine yake, maana baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa sita haina mzaha na mtu. Lakini hilo si jibu lote. Jibu lote ni kwamba alitengeneza programu ya kompyuta ambayo wakulima waliitumia kuwekea mahindi yao ghalani. Aliyeianza programu hiyo ni mimi. Aliyeifanya ikatumika ni yeye. Kipande hiki cha mwisho ndicho kinachonikwama kooni hadi leo. Naandika kwa sababu yeye hayupo tena nyumbani kwangu wa kuonewa wivu, na wivu wenyewe haujaondoka.

Mimi niliishia kidato cha pili. Yeye alimaliza cha nne. Hatukuizungumzia miaka hiyo aliyonizidi, lakini niliikumbuka kila alipokaa kusoma maandishi ya Kiingereza kwenye pakiti ya dawa au mfuko wa mbolea, kimya, bila kutikisa midomo. Mimi nilipokuwa nasoma Kiingereza midomo yangu ilikwenda kama ya mtu anayesali. Kompyuta ndiyo ilikuwa mahali pekee nilipomtangulia, na nilipapenda mahali hapo kuliko ninavyoweza kueleza.

Ilikuwa ile miaka ambayo serikali ilikuwa imejitoa kwenye kununua kila gunia la mkulima. Malori ya watu binafsi yalifika hadi vijijini na mizani zao, na magunia ya lumbesa yaliyojazwa yakavimba hadi kushonewa kofia juu, na kila moja likalipwa bei ya gunia la kawaida. Mjini nako vitu vilikuwa vinafunguka. Kizwite palitokea maduka ya stationari, moja baada ya jingine, yenye mashine ya kutolea kopi na kompyuta kuukuu zilizoshuka kutoka Dar. Mimi nilikuwa mfanyakazi wa duka mojawapo. Nilichapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi, ratiba za misa na matangazo ya misiba. Mkono wangu ulikuwa mwepesi na tajiri wangu aliniamini hadi kuniachia ufunguo.

Mke wangu nilimfundisha mimi mwenyewe. Jumapili baada ya misa tulifungua mlango nusu, nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamshikisha mausi. Siku ya kwanza aliisukuma hadi ikadondoka mezani, tukacheka. Akasema kumbe hiki ndicho kinachonichelewesha kurudi nyumbani, alidhani ni mwanamke. Nikamwonyesha jinsi ya kufungua faili, kuandika, kuhifadhi. Alikuwa haulizi kitu mara mbili. Mwanzoni nilifurahi kuwa na mwanafunzi wa namna hiyo. Baadaye nilianza kutamani aulize mara mbili.

Kazi ya ghala ilikuja hivi. Wakulima wa mji na wa vijiji vya njia ya Matai walichoshwa na lumbesa, wakaanzisha chama, wakajenga ghala lao nje kidogo ya mji. Mkulima angeweka mahindi pale wakati wa mavuno bei ikiwa chini, ayatoe bei ikipanda. Mwenyekiti wa chama alikuwa baba mmoja wa Kizwite mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo. Chama kilikuwa na kompyuta mbili. Moja ilikaa ofisini Kizwite, ilikuwa ya Windows, wameinunua kwa mtu. Nyingine ilikaa ghalani kwenyewe, iliachwa na wageni waliotembelea parokia, na hiyo ilikuwa ya Linux. Ndani ya mji hatukuwa na mtu anayeijua Linux, na kwa kuwa ilikuwa zawadi hakuna aliyethubutu kuifuta aweke kitu kingine. Pamoja nayo waliacha CD yenye lugha ya kuandikia programu na kitabu chake cha maelezo, Kiingereza kitupu. Lugha ile iliahidi kwamba ukiandika programu yako mara moja tu, dirisha lako litafunguka kwenye Windows na litafunguka kwenye Linux vilevile.

Nilikwenda kwa mwenyekiti nikamwambia naweza. Alinisikiliza, akasema sawa, lakini akaweka masharti wazi. Programu ifunguke kwenye mashine zote mbili na ifanye kazi siku ghala linapofunguliwa kupokea mavuno. Ikifanya kazi, aliyeitengeneza ataajiriwa na chama kuitunza. Isipofanya, kompyuta zitauzwa na watarudi kwenye karatasi. Kwangu hilo halikuwa jambo la kuchezea. Tajiri wangu alikwishaniambia kwamba stationari zimekuwa nyingi kuliko barua, na kwamba anatafuta mtu wa kumuuzia mashine ya kopi. Kama ningekosa kazi ya ghala, ningerudi Msanzi kushika jembe kwenye shamba la baba pamoja na kaka yangu, ambaye siku zote alisema kazi ya kukaa kwenye kiti si kazi.

Nilitengeneza dirisha langu la kwanza dukani, kwenye Windows. Lilikuwa na sehemu ya jina la mkulima, kijiji chake, aina ya zao, idadi ya magunia, na kitufe cha kuhifadhi. Kila kitu nilikiweka kwa namba. Hiki kikae umbali huu kutoka kushoto, kile umbali ule kutoka juu. Nilipanga kama fundi anavyopanga vigae, likapendeza hadi nikamwita tajiri aje aone. Kisha nikachukua diski, nikaenda nayo ghalani kwa baiskeli, mwenyekiti akiwepo, nikaifungua kwenye ile Linux.

Maandishi ya mashine ile yalikuwa manene kuliko ya dukani. Neno la mahindi lilikatwa miguu. Kitufe cha kuhifadhi kilibaki na nusu ya neno. Sehemu ya kijiji ilipanda juu ya sehemu ya jina, zikalaliana. Mwenyekiti aliangalia kwa muda, akasema kwa upole kwamba linapendeza, ila halisomeki.

Nilirudi dukani nikabadilisha namba. Likapona Linux, likaharibika Windows. Nikabadilisha tena, likawa baya kote. Mchana mmoja nilipomsimulia nyumbani, mke wangu alikuwa kwenye mashine yake ya kufumia, anamalizia pindo la sweta. Akasema bila kuinua uso kwamba nafanya kama napigilia misumari. Nikamuuliza anamaanisha nini. Akavuta lile pindo, likatanuka, akaliachia, likarudi.

"Unapima mwili mmoja halafu unataka mwingine uingie humo humo," alisema. "Kile kitabu hakisemi kitu cha kuvutika?"

Nilikuwa sijafika huko kwenye kitabu. Nilikuwa nasoma kwa kuruka, natafuta mifano ya kunakili. Alikichukua mchana ule, akakaa kizingitini penye jua, akasoma kwa ule ukimya wake. Kabla sijamaliza kunywa chai akaniambia yapo maboksi. Boksi linaingia ndani ya boksi, na kila moja unaliambia lijivute au lisijivute, halafu namba unaziacha, mashine yenyewe itajua herufi zake ni nene kiasi gani. Jumapili iliyofuata alikaa kwenye kiti changu akaandika, mimi nikiwa nimesimama. Dirisha lilifunguka dukani vizuri. Tulipolipeleka ghalani likafunguka vizuri pia. Lilikuwa pana kidogo, basi, kama mtu yuleyule aliyevaa koti.

Nitasema nilivyojisikia. Wakati tunasubiri lifunguke ghalani, nilitamani likatae. Kazi ilikuwa yangu, njaa ingekuwa yangu, na bado nilitamani likatae. Lilipofunguka nilitabasamu kwa meno.

Nilimpelekea mwenyekiti habari kwamba tumeshalirekebisha. Akauliza, wewe na nani? Nikasema na mke wangu. Akasema aha, akaitikia kwa kichwa polepole, na ile aha nilitembea nayo hadi nyumbani.

Baada ya hapo tuligawana. Mimi nikachukua mashine ya Kizwite, yeye akachukua ya ghalani. Nilisema ni kwa ajili ya kuokoa muda. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwa na mashine ambayo mkono wake haujaigusa.

Mtu wa kuitumia programu alikuwa mzee mtunza ghala. Alikuwa ametunza maghala tangu enzi za ushirika, mzee mwembamba wa koti jeusi, Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele. Siku za kupokea alikuwa ghalani, siku nyingine alikuwa ofisini Kizwite akiandikisha watu kabla hawajaleta mizigo. Kwa hiyo alizitumia mashine zote mbili. Adabu yake ilikuwa ile ya wazee wa kwetu, ambao hawawezi kukupita bila kukuuliza umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje, na shamba limeamkaje. Alipokaa mbele ya kompyuta alipiga kwanza makofi mawili ya taratibu, viganja vimejikunja, kama anayeingia kwa watu. Nilimwambia haisikii, mzee. Akasema yeye anasikia.

Tulifanya majaribio kabla ya mavuno. Aliandikisha mizigo ya kweli ya watu wachache waliokubali, akiwa na stakabadhi zake za karatasi pembeni ili mtu asipoteze kitu. Ghalani kila kitu kilikwenda sawa. Kizwite mizigo ilianza kupotea. Mzee anaandika jina, kijiji, magunia, anafunga dirisha, kesho yake tukifungua, mtu hayumo.

Mmoja wa waliopotea alikuwa Msukuma mfugaji aliyehamia na familia yake na ng'ombe zake miaka michache kabla, mtu mkubwa mwenye sauti ya uwanjani. Alikuja ofisini kuangalia jina lake, hakulikuta. Akaegemea mlango, akawaambia waliokuwa kwenye foleni:

"Ng'ombe wangu wakila shamba la mtu, napelekwa kwa mtendaji. Sasa mashine hii imekula mahindi yangu. Niambieni naipeleka kwa nani."

Watu walicheka hadi mzee naye akacheka. Akanigeukia akasema, "Mwanangu, mashine yako ina njaa. Ya mwenzio kule inashiba."

Ya mwenzio. Nilikagua maandishi yote ya programu mstari kwa mstari. Yalikuwa yaleyale kwenye mashine zote mbili, tulinakili kutoka diski moja. Nikijaribu mwenyewe, naandika, nafunga, mashine inauliza kama nihifadhi, najibu ndiyo, mzigo unabaki. Nilijaribu asubuhi, nilijaribu umeme ukiwa hafifu, nilibadilisha waya, nilifungua kasha nikapuliza vumbi. Kwangu haikupoteza hata mzigo mmoja. Kwa mzee ilipoteza karibu kila mmoja. Mwenyekiti alikuja akasema, bila ukali, kwamba wakulima wameanza kunong'ona. Kama hadi siku ya kufungua ghala mashine ya Kizwite bado inakula, zote mbili zitaondoka, hata ile isiyokula.

Jioni hiyo mke wangu aliuliza kama aende akaangalie.

"Mashine ile ni yangu," nilimwambia.

"Sijasema nikaangalie mashine."

Alikwenda kesho yake na sufu zake ndani ya kikapu. Alimwamkia mzee shikamoo, wakamaliza salamu zote za nyumbani na za shamba, kisha akavuta kigoda akakaa ubavuni mwake akaanza kufuma kwa mkono. Hakugusa kompyuta. Mimi nilikuwa nyuma, nimeinama kwenye nyaya. Watu walikuja wakaandikishwa, wakaondoka. Asubuhi ilipita hivyo, na mimi moyoni nikisema, huyu amekuja kukaa tu. Kisha nikamsikia anauliza:

"Baba, mashine ikikuuliza mwishoni, mbona mkono wako unakwenda upande huu tu?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu.

"Mama, mtu amekuuliza kwa heshima, amesubiri umjibu. Utamjibu kwa kushoto?"

Niliinuka kutoka kwenye nyaya zangu. Dirisha lile la kuuliza, ambalo sikulitengeneza mimi bali lilikuja na lugha yenyewe, lilikuwa na vitufe viwili, ndiyo na hapana. Kwenye Windows ndiyo ilikaa kushoto na hapana ikakaa kulia. Kwenye Linux ilikuwa kinyume, hapana kushoto na ndiyo kulia. Lugha ilikuwa inafuata desturi ya kila mashine. Na mzee alikuwa anafuata desturi yake. Kila akiulizwa alijibu kwa kitufe cha kulia, ghalani akasema ndiyo, Kizwite akasema hapana, na mashine yangu ilikuwa inatii tu anachoambiwa. Kile kitufe changu cha kuhifadhi hakuwahi kukigusa, na maneno yenyewe alikuwa hayasomi. Herufi zilikuwa ndogo, na isitoshe aliamini kwamba mwenye adabu akiulizwa kama aweke mzigo wa mtu hawezi kuwa na majibu mawili.

Mimi ni mtoto wa uwanda huu. Nimepigwa kofi utotoni kwa kumpa bibi maji kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nimekaa na mzee yule siku nyingi kuliko mke wangu, na nilikuwa naangalia nyaya. Iliniuma mahali ambapo hata shule isingeniponya, kwa sababu safari hii haikuwa habari ya Kiingereza wala kidato cha nne. Alikuwa ameona kitu cha kwetu, kilichokuwa mbele ya pua yangu, na alikiona kwa kukaa kimya tu.

Tulibishana njia nzima kurudi Chanji. Mimi nilitaka kumfundisha mzee asome maneno. Yeye alitaka kuacha lile dirisha la kuuliza lililokuja na lugha na kutengeneza la kwetu, lenye vitufe vinavyokaa mahali pamoja kwenye mashine zote. Nilikuwa nimesoma kile kitabu angalau hapo, na nilifurahi kuwa na kitu cha kumpinga nacho. Kitabu kinakataza, nilimwambia. Kinasema kila mashine ina mila zake na mtengenezaji aziheshimu.

"Na mzee ana zake," alisema. "Kati yao nani ana miaka mingi?"

Alilitengeneza. Hakuandika ndiyo wala hapana. Kulia aliweka kitufe kipana kilichoandikwa Weka Ghalani, kwa herufi kubwa. Kushoto kabisa, mbali, kidogo na cha kijivu, aliweka kilichoandikwa Tupa. Mzee alipoona mara ya kwanza alipiga makofi yake mawili, akabonyeza kulia bila kusita, mzigo ukaingia. Tuliachia siku kadhaa zipite. Hakuna aliyepotea tena Kizwite. Yule Msukuma alikuja akajikuta yumo, akasema mashine imetapika.

Siku ya kufungua ghala wakulima walijaa hadi barabarani. Magunia yalipangwa kwa vijiji, akina mama wamekalia mizigo yao, mbuzi wanapita katikati. Mwenyekiti alisimama mlangoni akaeleza jinsi mambo yatakavyokuwa, kisha akasema chama sasa kinataka kumjua aliyetengeneza programu, ili kimwajiri kama kilivyoahidi. Akatutazama sote wawili. Nilikuwa nimevaa shati la kuendea kanisani. Mke wangu akasema, "Ni sisi."

Mwenyekiti akacheka, akasema chama kina mshahara mmoja. Akamgeukia mzee mtunza ghala, ambaye ndiye angekaa na mtu huyo kila siku, akamuuliza yeye anaonaje. Mzee alikuwa mtu asiyependa kumuumiza mtu. Alinitazama mimi kwanza, kwa muda mrefu, na macho yake yaliniomba radhi kabla hajafungua mdomo. Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia kwa mke wangu.

"Anifundishe huyu mama," alisema. "Kijana anajua mashine. Huyu ananijua mimi."

Watu walipiga vigelegele. Mimi nilipiga makofi, na nadhani nilipiga kwa nguvu kuliko wengine.

Kabla mvua hazijaanza, tajiri wangu aliuza mashine ya kopi na kufunga duka. Nikaenda Msanzi. Nililima na kaka yangu mahindi na ulezi, nikageuza majani ndani ya matuta yaoze yawe mbolea kama baba alivyotufundisha, na Jumamosi nilirudi Chanji kwa baiskeli, matope magotini. Alikuwa ananisubiri na maji ya moto. Alikuwa anataka kunisimulia. Ameongeza dirisha la kutafuta mkulima kwa kijiji. Ameweka orodha ndefu ya magunia, inaviringika juu na chini kwenye Windows lakini Linux ilikuwa inakwama, akagundua ni kwa nini. Nilikuwa nasikiliza huku najiosha miguu. Nilielewa kila neno, na hilo ndilo lililokuwa baya. Kama nisingeelewa ningeweza kumpongeza tu kama mume yeyote anavyompongeza mkewe. Nilikuwa naona jinsi alivyofikiri, naona kwamba mimi nisingefika hapo, au ningefika kwa kuzunguka sana, na nilikuwa namuuliza maswali madogo ya kutafuta palipo na kasoro. Yeye alidhani nina hamu ya kujua. Alinijibu kwa furaha. Hakuna mtu mwingine Sumbawanga nzima ambaye angeweza kuzungumza naye habari hizo, na mtu huyo mmoja alikuwa mimi.

Tuliishi hivyo misimu kadhaa. Kisha akaanza kukohoa. Kwanza tulisema ni sufu, kisha tukasema ni vumbi la ghala, kisha hospitali ikasema maneno mengine, na baadaye haikusema tena. Alikwenda kazini hadi mwenyekiti alipomkataza. Alifariki mahindi yakiwa yamechanua.

Tulimzika Msanzi. Wakulima walikuja kwa malori, kutoka njia ya Matai yote, watu nisiowajua. Matanga yalijaa hadi majirani wakatoa viti vyote walivyokuwa navyo. Walimwita mama wa mashine. Kila aliyesimama kutoa neno alikuwa na kisa chake, jinsi alivyomtafutia jina lake alipopoteza stakabadhi, jinsi alivyomwonyesha mama mjane magunia yake kwenye skrini hadi mama akaamini. Yule Msukuma alisema tangu mama huyu akae ghalani hakuwahi kwenda kulala akiwaza mahindi. Nililia siku hizo zote, machozi ya kweli. Na nikiwa nimekaa mkekani na shuka begani, nilikuwa pia nawaza kwamba siku yangu ikifika hawatakuja wengi hivi, na hakuna atakayekuwa na kisa. Vyote viwili vilikaa ndani ya kifua kimoja na hakuna kilichomsogeza mwenzake.

Baada ya kuanua tanga, mwenyekiti alinijia shambani. Alikuwa na haya. Alisema chama kinaomba nichukue ile kazi, hakuna mwingine. Nilikuwa nimeitaka kazi ile kuliko kitu chochote, na nikaipata hivyo.

Kiti chake ghalani kilikuwa na mto alioufuma. Nilifungua maandishi ya programu nikaanza kuyasoma. Mistari yangu ya mwanzo ilikuwa bado imo, chini kabisa, ile ya kufungua faili na kuandika majina. Hakuigusa kwa sababu ilikuwa inafanya kazi. Juu yake kulikuwa na kazi yake, tabaka kwa tabaka, nyepesi, bila kitu cha ziada. Nilitafuta kosa siku nyingi. Nililikuta moja, dogo, la kijiji kilichoandikwa mara mbili kwenye orodha. Nililisahihisha kwa furaha ambayo siwezi kuieleza mbele ya mtu, na nilipomaliza nikataka kurudi nyumbani nikamwambie.

Mwaka uliofuata chama kikaamua kupokea ulezi pia. Ulezi haupimwi wala haukai kama mahindi, kwa hiyo lilihitajika dirisha jipya. Nilitumia maboksi yanayovutika. Vitufe nilivipanga kama alivyopanga yeye. Nililijaribu Windows, nikalijaribu Linux, likafunguka kote bila kukatika neno. Halikuwa na kosa. Nililipitia kwa uangalifu na sikuona kosa.

Mzee mtunza ghala alikuwa amezeeka sana wakati huo, macho yake yamepata ukungu, lakini alikuwa bado anakuja. Nikamkalisha. Akapiga makofi yake, akaangalia skrini, mkono wake ukaning'inia juu ya mausi bila kushuka.

"Hili nalo ni la mama?" aliuliza.

"Hapana, baba. Ni langu."

Akaliangalia tena, polepole, kona hadi kona.

"Inaonekana," alisema.

Nikamuuliza lina ubaya gani. Akasema halina ubaya, mwanangu, ni zuri, ulezi utaingia. Nikamsihi anieleze. Mzee akajifuta macho kwa pindo la koti.

"La mama nilikuwa naingia tu," alisema. "Hili lako nabisha hodi kwanza."

Wivu ulinipanda palepale, mbichi, kana kwamba yule mwanamke amekaa kwenye kigoda pembeni na kikapu chake. Nilivuta kiti nikakaa karibu yake, nikamwambia abishe tu, mimi nipo.